Muziki wa huzuni unaua huzuni ya onyesho. Nikate wapi?

Kibo_Fremu (Moshi)
Habari za jioni wakuu. Filamu fupi, dakika 12, fremu 25 kwa sekunde. Onyesho la kati ni dakika 2 na sekunde 40: mama anarudi kutoka soko la Mbuyuni, anatua ndoo, anakuta kitanda cha mwanawe kimetandikwa na begi halipo msumarini. Kisha jirani anaingia, anaongea kama sekunde 50. Kinanda na fidla vimelazwa tangu mlango unapofunguliwa hadi mwisho, pamoja na ngurumo ya besi. Waliotazama wanasema "linalazimisha kilio". Kwenye simu maneno ya jirani hayashikiki na ngurumo haipo kabisa; kwenye kibanda umiza ngurumo hiyohiyo inatikisa mabati. Kosa ni muziki wenyewe au uchanganyaji?

Njiro_Sauti
Yote mawili, ila anza na muziki. Uliokaa pasipo pake hauponi kwa kitufe.

Zima wote, tazama onyesho kavu, uandike ni sekunde ya ngapi mtu anajua mtoto kaondoka. Kwa maelezo yako ni pale jicho la mama linapofika kwenye msumari. Muziki wako unaingia mlangoni, yaani mtazamaji anapewa habari kabla ya mwenye nyumba. Kwenye filamu ya kutisha hiyo ni mali, maana tunataka aliyeketi aione hatari mhusika akiwa hajui. Hapa unataka wajue pamoja. Basi mwache mama aukodolee macho ule msumari sekunde tatu nne bila ala yoyote, halafu noti moja ndefu ipande taratibu kwa sekunde mbili wakati anakaa, ikijificha nyuma ya mlio wa chaga. Ukiianzisha juu ya kato la picha, watu wanamsikia mhariri.

Kimya nacho si sifuri. Chumba kina sauti yake: kuku, bodaboda ya mbali, bati linalopoa jioni. Kama hamkurekodi walau sekunde 30 za chumba kitupu, rudini mkarekodi, la sivyo pengo litasikika kama faili limeharibika.

Mzee wa Noti
Nakazia. Uso ukishalia, fidla ikilia tena ni kusukumana.

Mtoa mada, mtoto ana wimbo wake humo ndani? Tazama Jaws ya 1975. John Williams alimpa papa noti mbili zilizopakana, lakini watoto wanapowatisha waogaji kwa pezi bandia, noti hizo hazipigwi. Muziki haukudanganya, ndiyo maana ukisikika unaaminika. Mpe mtoto noti tano za marimba mapema, akiwa yupo na anacheza. Kwenye kitanda kitupu zirudie polepole, uiache ya tano. Sikio litaidai lenyewe.

Sakina_Miksi
Fidla msizionee bure. Bernard Herrmann aliiandikia Psycho (1960) nyuzi tupu na hakuna aliyelalamika kwamba zinabembeleza. Kinachokera ni wingi wa noti chini ya maneno: noti za haraka hugombana na silabi, ndefu hukaa kando.

Kwenye zile sekunde 50 za jirani, konsonanti zinazofanya neno lieleweke ziko zaidi kati ya hezi 1,000 na 4,000. Punguza muziki desibeli 3 hadi 4 kwenye eneo hilo tu, kisha ushushe wote mpaka uwe kama desibeli 15 chini ya maongezi. Shusha kwa mkono, mteremko mmoja unaoanza sekunde moja kabla jirani hajafungua mdomo. Kifaa kinachoshusha muziki chenyewe, kikiwekwa kiachie haraka, hupandisha muziki kila jirani anapovuta pumzi, na hiyo inachosha kuliko kelele.

Ngurumo: kama iko karibu na hezi 50, spika ya simu haiwezi kuitoa, na spika kubwa za kibandani zinaizidisha. Chuja kila kilicho chini ya hezi 40, ipunguze, halafu ongeza noti hiyohiyo oktava mbili juu, kwenye 200, kwa upole. Sikiliza kwenye simu sauti ikiwa nusu. Na usiibane sauti ya filamu ili ipige kelele. YouTube hushusha kinachozidi takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia).

Kibo_Fremu (Moshi)
Asanteni sana. Marimba nimeielewa. Kuanzia mama anapokaa hadi mkono unapogusa shuka ni sekunde 3.2. Kasi gani? Na nikiweka rekodi ya kwaya kwenye majina ya mwisho?

Njiro_Sauti
Kwaya ina ruhusa mbili: ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kuonyesha, si baada.

Mzee wa Noti
Mapigo 75 kwa dakika. Pigo moja ni sekunde 0.8, sawa na fremu 20 kamili kwenye 25, hivyo hakuna noti itakayoangukia katikati ya fremu. Noti ya kwanza iweke anapokaa. Noti nne zitapita, na mkono utagusa shuka, fremu ya 80, pale hasa ile ya tano uliyoiacha ilipopaswa kulia.