Hamu ya ndugu na marafiki baada ya kufunga riwaya: kikundi cha kusoma kiitumieje?

Kalamu_ya_Mtaa

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Riwaya au mchezo wa redio unaosimulia undugu vizuri humwacha mtu na hamu. Anataka kumpigia kaka yake waliyepoteana, au anatamani marafiki kama wale wa kitabuni. Siku mbili tatu hamu imekwisha, anatafuta kitabu kingine.

Mtaani kwetu tunaanzisha kikundi cha kusoma. Watu wanane, wapangaji watupu waliotoka mikoani, wanajuana kwa salamu za ngazini tu. Naomba wenye ujuzi wanijibu: hamu hiyo inatoka wapi hasa, tuchague kitabu cha aina gani, tukutane mara ngapi, na vikundi vya namna hii hufia wapi? Jibu la "someni tu, mtapendana" nimeshapewa la kutosha.

---

Bi_Maktaba

Marahaba. Tuanze na chimbuko, maana ukilikosea hilo kikundi chote utakipanga vibaya.

Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu watazamaji wanaomzoea mtu wa kwenye televisheni kana kwamba ni mwenzao, ilhali yeye hata hawajui. Wahusika wa kubuni nao tunawazoea hivyo hivyo. Mwaka 2004 Jonathan Cohen aliwauliza watazamaji wangejisikiaje iwapo mhusika wanayempenda angeondolewa hewani. Majibu yalifanana na ya watu walioachwa, ila kwa uchungu mdogo zaidi. Kwa hiyo anayefunga kitabu akahisi kapungukiwa, hajachanganyikiwa. Kuna watu amekaa nao kwa saa nyingi na sasa hawapo.

Lakini kuna upande wa pili ambao wengi huuruka. Mwaka 2009 Jaye Derrick, Shira Gabriel na Kurt Hugenberg walichapisha majaribio kuhusu vipindi vya televisheni. Mtu aliyekumbushwa ugomvi wake na mtu wa karibu, kisha akaandika kuhusu kipindi anachokipenda, hakushuka moyo kama yule aliyeandika mambo mengine. Maana yake hadithi huamsha njaa ya watu na papo hapo huituliza kidogo. Ndiyo sababu hamu unayoisema haidumu: msomaji wa peke yake anatulizwa na kitabu kile kile kilichomwamsha.

Kwa hiyo muidake mapema, mle mle chumbani, ndani ya nusu saa baada ya kusoma. Mkiiacha ikajadiliwe Jumatano kwenye WhatsApp mtapata vikatuni vya kucheka na kulia, basi.

---

Fundi_wa_Mawimbi

Nakubaliana na Bi Maktaba, ila mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa redio.

Rwanda ina mchezo wa Musekeweya, ulioanza mwaka 2004, unaohusu vijiji viwili vyenye uhasama na vijana wanaopendana kuvuka mpaka wa uhasama huo. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliufuatilia kwa mwaka mmoja. Baadhi ya jamii zilisikiliza mchezo huo, nyingine zikasikiliza mchezo wa masuala ya afya, na wote walisikiliza kwa makundi, kama ilivyo kawaida ya huko. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yanashangaza kidogo: imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona wenzao wanatarajia nini kwao, na baadhi ya matendo.

Kipimo ninachokipenda ni hiki. Mwishoni kila jamii iliachiwa redio na kanda za vipindi, ikaamua yenyewe vitatunzwaje. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumkabidhi kiongozi wa eneo. Waliosikiliza Musekeweya walielekea zaidi kujadiliana na kuvitunza kwa pamoja.

Kwenu nyinyi somo ni kwamba mtu akicheka au akinyamaza kwa huzuni katikati ya watu saba, anawaona na wao wamenyamaza. Anajua hisia ile si yake peke yake. Kusoma kila mtu chumbani kwake halafu kuja "kujadili" kunaondoa hicho hicho mnachokitafuta. Someni kwa sauti, pamoja.

---

Mwalimu_wa_Fasihi_KE

Hamjambo. Mimi niingie kwenye kitabu chenyewe.

Kinachowasha hamu si sentensi ya "walipendana kama ndugu". Hiyo msomaji anaipita kama tangazo. Kinachowasha ni vitendo vidogo vinavyorudiwa: namna wanavyoitana, utani ambao mgeni haelewi, chai inayomngoja aliyechelewa. Na msaada unaomgharimu anayeutoa. Mwandishi akimwonyesha mtu anagawa shati lake la pili, halafu kurasa kumi baadaye tukaliona shati hilo limevaliwa, amemaliza kazi bila kutaja neno upendo. Kabla ya kununua, fungua kitabu mahali patatu bila kuchagua. Usipokuta hata tukio moja ambamo watu wanafanya kitu pamoja kwa mikono yao, kirudishe rafuni.

Kwa kikundi chenu ningeanza na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea Mswahili ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Anafiwa na mama, anabaki na kiu ya baba asiyemjua, na safari ya kumtafuta inamfikisha hadi Kitale. Wapangaji waliotoka mikoani hawatahitaji kuelezwa hali hiyo. Kidagaa Kimemwozea cha mwandishi huyo huyo kina Amani na Imani, watu wasio wa damu moja wanaojikuta wakilea pamoja mtoto mchanga aliyetupwa. Hicho kiwe cha pili, kina mambo ya utawala yanayoweza kuwageuza kuwa bunge.

Kuhusu kiasi: kusoma kwa sauti kwa Kiswahili, kwa mwendo wa kueleweka, ni kama maneno 110 hadi 130 kwa dakika. Ukurasa wa riwaya huwa na maneno kama 300. Kurasa 15 zitawachukua dakika 35 hadi 41. Msizidishe hapo, baada ya dakika 45 utaona macho yanakwenda kwenye simu. Badilisheni msomaji kila kurasa tatu au nne, na asiyetaka kusoma asilazimishwe, apewe kazi ya kumimina chai.

Sasa panapoharibika. Huku Kenya vitabu hivi vyote viwili vimetahiniwa shuleni, na watu wengi wakiviona wanarudi darasani: dhamira, maudhui, mbinu za lugha. Mtu wa kwanza akisema "mwandishi amefaulu kutumia taswira", jioni imekwisha. Ulizeni maswali madogo yanayoshikika. Katika kurasa za leo nani amekaribishwa, na nani ameachwa mlangoni? Nani alijua na akanyamaza? Ungekuwa jirani yao ungepeleka nini? Na msiulize "ilikugusa vipi?", kwa sababu kuna mtu pale amezika mama mwezi uliopita. Akitaka kusema atasema mwenyewe akipita kwenye swali la jirani.

---

Hesabu_Kwanza

Mara ngapi? Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba mtu unayemjua juu juu huwa rafiki wa kawaida baada ya saa kama 50 za kuwa pamoja, rafiki hasa baada ya saa 90 hivi, na rafiki wa karibu baada ya zaidi ya saa 200. Saa za kazini hazina uzito kama za mapumziko.

Mkikutana mara moja kwa mwezi, saa mbili, kwa mwaka mzima mnapata saa 24. Hamjafika hata nusu ya ngazi ya kwanza, halafu mnalalamika kwamba vitabu havijengi urafiki. Saa mbili kila wiki ni wiki 25 kufikia hizo 50, karibu miezi sita, na hapo ni kwa asiyekosa hata siku moja. Riwaya ya kurasa 180 kwa mwendo wa Mwalimu ni vikao 12. Basi panga riwaya mbili mfululizo, siku na saa zisibadilike, na kikao kiendelee hata mkiwa watatu. Kuahirisha "mpaka wote wapatikane" ndiko kunakoua vikundi vingi kuliko ubaya wa vitabu.

---

Asiyekubali

Mnazungumza kana kwamba hamu hiyo ni njema tu. Rafiki wa kitabuni hakopi pesa akazima simu. Kaka wa kitabuni akikosa, mwandishi humrudisha akiomba radhi ukurasa wa 170. Mtu akikolea humo anatoka akiwaona ndugu zake halisi hawana maana. Hilo mnalifanyaje?

---

Mwalimu_wa_Fasihi_KE

Swali zuri, na jibu liko kwenye uchaguzi. Chukua hadithi ambamo undugu una miiba. Kongowea mateso anayapata nyumbani kwa jamaa, na wema mwingine anaupata kwa watu baki. Hapo msomaji hapewi familia ya kuionea wivu. Anapewa watu wa kuwapima mmoja mmoja. Riwaya ambamo ukoo mzima unacheka kuanzia mwanzo hadi mwisho ni tamu, lakini kwa watu walio mbali na kwao ni sumu ya polepole. Msianze nayo.

---

Kalamu_ya_Mtaa

Ahsanteni sana. Mbili zimebaki. Nakala: tununue nane? Na akitokea mtu aliyekimbilia mwisho akaanza kuusimulia?

---

Bi_Maktaba

Nakala nane hamzihitaji mkisoma kwa sauti. Nunueni tatu kwa mchango: moja ya msomaji, moja ya anayemfuata ili aingie bila kupapasa, moja ya mwenye masikio mazito au anayependa kuona maneno. Msitoe fotokopi ya kitabu kizima, ni wizi wa jasho la mwandishi, na makaratasi yenyewe hupotea kwa mafungu.

Nakala zote zilale kwa mtu mmoja, tofauti kila wiki. Hilo linamzuia anayetaka kukimbilia mwisho, na pia linampa mtu mmoja sababu ya kugongewa mlango katikati ya wiki na jirani anayeulizia ukurasa. Aliyekwisha kuusoma mwisho zamani mpeni kazi ya kusoma sura ya mwisho kwa sauti. Huwa wanajivunia kutunza siri kuliko unavyodhani.

Sura hiyo ya mwisho isomeni siku ambayo kitabu cha pili kimeshanunuliwa na kiko mezani.