Mrejesho: mita ya jengo iliyosoma theluthi tu ya umeme

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini mita mpya ya fezi tatu niliyofunga kwenye bodi kuu ilionyesha takriban theluthi tu ya matumizi halisi ya jengo.

Aliyeniambia nikague mwelekeo wa CT (vihisi vinavyozunguka waya wa kila fezi kupima mkondo) alipatia. Moja ilifungwa kinyume, kwa hiyo fezi yake ilisomeka hasi na kufuta usomaji wa fezi nyingine. Tulizima umeme kwanza, tukaigeuza, jumla ikakaa sawa. Nashukuru mno kwa lile onyo la kutoacha nyaya za CT wazi wakati mkondo unapita. Fundi wangu alikuwa karibu kuzichomoa hivyo hivyo, na volti inayojitokeza hapo inaweza kuua.

Sasa grafu inaonyesha pampu ya maji na hita zote zinawaka pamoja asubuhi. Tumechelewesha hita kwa taima, kilele cha matumizi kimeshuka.

Modbus, yaani mawasiliano ya waya yanayokusanya usomaji wa mita zote za jengo, bado inanisumbua. Rezista ya omu 120 mwishoni mwa waya imetibu mita zote isipokuwa ya lifti, ambayo hupotea kwenye mawasiliano kila lifti inapoondoka. Waya wake wa mawasiliano umelala sambamba na nyaya za mota, nadhani ndizo zinazouvuruga, nitauhamisha.