Nina euro 103,500, fleti Almería ni 92,000. Zinatosha?

Zamu_ya_Usiku:

Wakuu salaam. Naombeni mnisaidie hesabu kabla sijafanya ujinga.

Mimi ni muuguzi Uingereza, mwaka wa kumi na moja sasa, mshahara wangu ni paundi. Dada yangu ameolewa Hispania, anakaa Almería, na kila nikienda likizo nalala kwenye kochi lake, wanawe wananikanyaga mbavu alfajiri wakitafuta rimoti. Mwaka huu nimesema basi, nanunua pangu.

Nimepata fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Kwa dada ni dakika nane kwa miguu. Mwenye nyumba ni mzee wa Kibelgiji, anaishi kwao Ubelgiji, magoti yamemchoka na ngazi hizo. Anataka euro 92,000. Mimi nina paundi 90,000 benki na mkopo sitaki hata kuusikia. Siku niliyokaa na kalamu, paundi moja ilikuwa euro 1.15, kwa hiyo nikapata 103,500.

Hesabu yangu hii hapa: nyumba 92,000, kuandikisha hati 1,500, fanicha 4,000, nauli za kwenda na kurudi 600. Jumla 98,100. Zinabaki 5,400 za kupumulia. Kodi nilimuuliza dalali, akasema "hizo ni gharama ndogondogo, wakili atakwambia". Sasa anataka nimtumie 3,000 leo kama kishika uchumba, eti kuna wengine wawili wanaitaka.

Nitume? Au kuna kitu sikioni?

Karani_Mstaafu:

Usitume chochote leo. Hao wengine wawili nawajua, hata mimi waliitaka nyumba yangu, mpaka leo sijawaona.

Nimekuwa mtunza vitabu maisha yangu yote, na bado niliponunua kijumba mkoa huohuo wa Almería nilipigwa na vitu ambavyo havikuwa kwenye daftari langu. Kwa hiyo ninachokuandikia si elimu, ni makovu.

Anza na kodi ya mauziano. Nyumba iliyokwishakaliwa, Hispania wanaitoza kodi inayoitwa ITP, na kila jimbo lina kiwango chake. Andalucía, ambako Almería ipo, ni asilimia 7. Kwa 92,000 hiyo ni 6,440. Hiyo ndiyo "ndogondogo" ya dalali wako, imekwishameza 5,400 zako za kupumulia na kukudai juu.

Lakini ngoja. Tangu Januari 2022 serikali yao ina kitu kinaitwa valor de referencia, thamani ya rejea, yaani thamani ambayo Catastro, ofisi ya kumbukumbu za majengo, inaipa kila nyumba. Ukinunua chini ya thamani hiyo, kodi inapigwa kwenye thamani yao, si kwenye bei uliyolipa. Mimi nilinunua kwa 61,000 nikajiona mjanja. Catastro walikuwa wameandika 74,500. Nilitenga 4,270, nikalipa 5,215. Mashine ya kufulia ikaenda na maji. Unaweza kupinga, ila mimi niliambiwa nilipe kwanza ndipo nilalamike, na kesi ya euro mia tisa kwa lugha ya watu sikuiona faida yake. Dada yako kama ana Cl@ve, ule utambulisho wao wa mtandaoni, anaweza kuiangalia namba hiyo leo usiku akiwa na nambari ya Catastro ya fleti. Fanya hilo kabla ya kingine chochote.

Kisha notario, yule afisa anayethibitisha hati, ofisi ya usajili na gestoría, yule mtu wa kuzungusha makaratasi: weka 1,800, ile 1,500 yako imebana. Wakili wako mwenyewe, si wa dalali, tuseme 1,200 na juu yake VAT ya asilimia 21, inakuwa 1,452.

Na mkalimani. Hili nalisimulia kwa sababu bado linaniuma. Siku ya kutia saini tumekaa watu sita kwenye meza ndefu, notario anasoma hati kwa sauti, miwani imeshuka puani. Katikati akanyamaza, akaniangalia, akauliza kama naelewa. Nikajibu "sí" kwa kujiamini kabisa. Akaniuliza ukurasa tuliomaliza ulikuwa unahusu nini. Nikatazama dari. Akafunga faili lake taratibu, akasema bila mkalimani hatuendelei. Tulikaa saa mbili tukimsubiri msichana mmoja kutoka ofisi ya jirani, nikamlipa 120 taslimu. Muuzaji muda wote huo alikuwa ananitazama kama mtoto aliyekojoa kitandani. Weka 150.

Jumlisha sasa: 92,000 na 6,440 na 1,800 na 1,452 na 150. Ni 101,842. Umebaki na 1,658, na hujanunua hata godoro.

Muulize dalali swali moja kwa maandishi: ada yako analipa nani? Wapo wanaomtoza mnunuzi pia. Akikutoza asilimia 3 na VAT yake, hiyo ni kama 3,340 na hesabu yako imezama.

La mwisho, hilo jengo bila lifti linanitia wasiwasi. Ombeni kumbukumbu za vikao vya wenye fleti za miaka mitatu iliyopita. Kama wamepitisha mradi, kila fleti inachangia, mchango huo wanauita derrama, na kila awamu inamwangukia aliye mwenye nyumba siku inapotakiwa kulipwa. Hata kama waliopiga kura ni wengine na wewe ulikuwa wodini unabadilisha dripu. Pia mdai muuzaji cheti cha kutodaiwa michango ya jengo, kwa sababu deni la mwaka huu na miaka mitatu ya nyuma linaifuata nyumba, halimfuati mzee Ubelgiji.

Mpiga_Mahesabu:

Mzee Karani kamaliza kila kitu, mimi naongeza la paundi tu. Dada, hizo 103,500 huna. Una paundi 90,000. Ikishuka mpaka 1.12 kabla ya siku ya saini una 100,800, yaani 2,700 zimeyeyuka na hujamlipa mtu. Kuna kampuni za kubadilisha fedha zinakufungia kiwango cha leo kwa malipo ya miezi miwili au mitatu ijayo, unaweka amana kidogo. Unaweza kukosa faida ikipanda, ila bajeti yako haina nafasi ya kucheza kamari.

Halafu huyo Mbelgiji haishi Hispania. Sheria inakutaka wewe mnunuzi umkate asilimia 3 ya bei uipeleke kwa mamlaka ya kodi ndani ya mwezi mmoja, fomu namba 211. Si hela ya ziada, inatoka kwenye bei yake. Lakini usipoikata ukampa zote, watakaodaiwa ni wewe na nyumba yako. Wakili anayejua kazi atalishika hilo bila kuambiwa. Asiyelitaja kikao cha kwanza, tafuta mwingine.

Ngazi_Tatu:

Mie nauliza tu, kwa nini usipange? Wiki nne kwa mwaka unanunua nyumba nzima! Tena ujue kuwa na nyumba hakukupi kibali cha kuishi, ile viza yao ya wawekezaji wameifunga Aprili 2025. Na hata ukiwa umefunga milango mwaka mzima utalipa kodi ya jengo, michango ya jengo na kodi ya mapato ya kufikirika kwa sababu unaishi nje. Ndiyo, ya kufikirika, wanakukadiria mapato ambayo hukuyapata.

Karani_Mstaafu:

Hiyo ya kufikirika ipo kweli lakini usimtishe mtoto wa watu. Wanachukua asilimia 1.1 au 2 ya thamani ya Catastro (ile ya kawaida, si ya rejea), kisha anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anatozwa asilimia 24 ya hapo. Fleti yenye thamani ya 48,000 kwenye karatasi ya kodi ya jengo, kwa asilimia 2, inalipa euro 230 kwa mwaka. Mradi usisahau kuijaza mwenyewe, maana hawakuletei bili mlangoni.

Swali la kupanga ni la haki lakini. Mimi nilipanga miezi miwili ya baridi mtaa uleule kabla ya kununua, nikagundua chumba cha kulala kinatazamana na baa.

Zamu_ya_Usiku:

Shikamoo mzee Karani, na asanteni wote. Kaka wa ngazi tatu, nikipanga nitaendelea kuwa mgeni, na ugeni wa miaka kumi na moja umenitosha. Niacheni na hilo.

Narudi na majibu. Dada aliangalia juzi usiku akanitumia picha ya skrini: thamani ya rejea ni 109,000. Kwa hiyo kodi ni 7,630. Nilikuwa kwenye chumba cha dawa, nikaisoma mara tatu.

Ada ya dalali: ndiyo, asilimia 3 na VAT kwa mnunuzi. Ilikuwa imeandikwa kwenye fomu ya kishika uchumba, ukurasa wa pili, herufi za ukubwa wa siafu. Ningetuma zile 3,000 ningekuwa nimeikubali.

Na lifti. Mzee wewe ni mchawi. Kikao cha Novemba waliipitisha, 5,400 kwa kila fleti, awamu kumi na mbili, ya kwanza Septemba. Mbelgiji alikuwa anauza ngazi ili asilipie lifti.

Nikatoa ofa ya 83,000. Amerudi na 87,000, awamu zote za lifti azilipe yeye, fedha yake ibaki kwa notario hadi ziishe. Nimepiga upya: 87,000, kodi ileile 7,630, karatasi 1,800, wakili 1,452, mkalimani 150, dalali 3,158. Jumla 101,190. Zinabaki 2,310 kama paundi itatulia. Kitanda dada anacho cha ziada. Niende?

Karani_Mstaafu:

Marahaba. Lifti umeishika vizuri, na iandikwe ndani ya hati yenyewe, si kwenye barua pembeni. Arbuni utakayotia saini na iwe ile ya kifungu cha 1454 cha sheria yao ya madai: ukijitoa wewe unaipoteza, akijitoa yeye anakurudishia mara mbili. Na pawe na mstari kwamba likijitokeza deni ambalo halikutajwa, hela yako inarudi yote.

Lakini kwa 2,310 nisingeenda. Bomba likipasuka ghorofa ya tatu, anayelowa ni wa ghorofa ya pili, na bima unaanza kuilipa siku unayopewa funguo. Kuna 3,158 moja tu hapo mezani isiyokuwa na kazi, nayo ni ya mtu aliyekwambia kodi ni ndogondogo. Mwambie achukue ujira wake kwa muuzaji aliyemtuma, au fungua upya mazungumzo zamu ikikuruhusu kuongeza akiba, hata kama ni Januari. Fleti isiyo na lifti haikimbii.

Zamu_ya_Usiku:

Nimemwandikia hivyohivyo, dada akanitafsiria kwa Kihispania cha adabu kuliko nilivyotaka. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alama inaonyesha amesoma. Wale wengine wawili wanaoitaka hajawataja tena.