Kwa nini rivolva fupi ya .38 inauma mkono kuliko bastola ndogo ya milimita tisa?

Mama Alizeti (Kibaigwa)

Habarini wakuu, na mbukwenyi kwa wa nyumbani.

Nafanya biashara ya alizeti na mahindi, Kibaigwa ndiyo ofisi yangu, na msimu wa mavuno narudi nyumbani usiku na fedha za watu. Maombi ya kumiliki silaha yako sehemu nzuri, nimefikia hatua ya kuamua aina. Nimepelekwa kwenye uwanja wa shabaha na mwalimu, nikapewa mbili nijaribu: rivolva ya risasi tano, mtutu mfupi kama kidole, bodi ya alumini, inapiga .38 Special, halafu bastola ndogo ya magazini, SIG P365, ya milimita tisa.

Kabla sijagusa nilikuwa na uhakika rivolva itakuwa laini. Kila mtu anasema .38 ni risasi ya kizee, inakwenda polepole, na 9 ndiyo kali. Sasa mbona rivolva imenichoma kwenye kiganja mpaka nikaweka chini kabla silinda (gurudumu linalobeba risasi) haijaisha, na hiyo 9 nimemaliza magazini nikiwa nacheka? Fundo la kidole cha kati bado lina wekundu.

Shemeji yangu, ambaye hakuna jambo asilolijua, anasema ni mkono wa kike tu, nitazoea. Naomba majibu ya watu wanaojua.

Jembe la Bahi

Dada chukua rivolva. Haina magazini ya kukwama wala slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma, ya kuvuta. Unatoa, unabonyeza, kazi imekwisha. Maumivu ni ya siku ya mazoezi tu, siku ya tukio hutayasikia.

Fundi Ghala (Veyula)

Mama Alizeti, maneno ya shemeji yako mwachie mwenyewe. Mimi nimestaafu, miaka mingi nimekaa ghala la silaha pori la Rungwa, nikizisafisha na kuwafundisha vijana kulenga. Mkono wako hauna kosa lolote.

Teke la silaha halipimwi kwa ukali wa risasi peke yake. Kichwa cha risasi kikitoka mbele pamoja na moshi wa baruti, silaha lazima irudi nyuma kwa kiasi kilekile cha msukumo. Kasi ya kurudi inategemea uzito wa silaha. Sukuma guta lililojaa magunia na guta tupu kwa nguvu ileile uone lipi litakuponyoka. Rivolva uliyopewa, kama ni aina ya Smith & Wesson 642 au ndugu zake wa bodi ya alumini, ikiwa tupu ina gramu mia nne na kitu. Tia risasi zake tano, inafika nusu kilo. Mwenzake wa chuma, Model 36 iliyotoka mwaka 1950, ni kama gramu 550 tupu. Colt Detective Special ya mwaka 1927 inakaribia gramu 600 na inabeba sita. Zote tatu zinapiga risasi ileile, lakini ya alumini ndiyo inayokuchapa.

Wenye duka watakuuzia wepesi kama sifa. Ni sifa, ila ya wakati wa kubeba.

Kijana wa Ipagala

Fundi heshima yako, ila hapo kuna kitu hakijakaa sawa. P365 nayo ni nyepesi, tupu ni kama gramu 500, na 9 ina msukumo mkubwa kuliko .38. Nimepiga hesabu ya nishati ya kurudi nyuma kwa uzito wa silaha ikiwa imejaa. Rivolva ya alumini na kichwa cha gramu 10.2 kinachotoka kwa mita kama 225 kwa sekunde: takriban jouli 7. P365 na kichwa cha gramu 8 kwa mita 330 hivi: nayo takriban jouli 7. Glock 19, bastola ya 9 iliyo kubwa kidogo, ambayo ikijaa ina gramu 850, inashuka kwenye 5 na nusu. Rivolva ya chuma inakaribia hapohapo.

Yaani alizojaribu mama kwenye karatasi zimelingana. Basi shemeji ana haki?

Fundi Ghala (Veyula)

Kijana, hesabu yako nzuri na shemeji hana haki. Jouli zinakwambia kiasi cha teke. Hazikwambii limekuja kwa muda gani wala limetua wapi.

Anza na muda. P365 na Glock zina mtutu unaofungana na slaidi kwa mtindo wa John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani. Risasi ikilia, slaidi inarudi nyuma, inakandamiza springi, inagonga mwisho wa njia yake, halafu springi inairudisha mbele na kuushusha mdomo wa bastola kidogo. Slaidi haipunguzi teke hata chembe, inalicheleweshea tu mkono, kwa hiyo unasikia kusukumwa. Rivolva haina kinachotembea kwenda nyuma. Mtutu, bodi na mpini ni kitu kimoja, na mkono unapokea mzigo wote papo hapo.

Na usidhani kila kilicho na slaidi ni laini. Walther PPK, bastola ya tangu miaka ya 1930, haifungi mtutu. Ni uzito wa slaidi na springi tu vinavyozuia. Ile ya 9 fupi (yenye ganda fupi) ina risasi dhaifu kuliko 9 ya Glock, lakini kiganjani ni kali kuliko watu wanavyotarajia. Vijana wangu walikuwa wanaikimbilia kwa sababu ya umbo lake zuri, na wa kwanza kuirudisha mezani walikuwa haohao.

Sasa mahali. Mama, chukua rivolva ile (tupu, silinda nje, umehakikisha kwa macho na kwa kidole) uishike kama siku ile. Tazama mtutu uko juu kiasi gani kutoka kwenye mkono wako. Rivolva nyingi hupiga kutoka tundu la juu la silinda, kwa hiyo mstari wa risasi unapita juu sana ya kifundo cha mkono, na silaha hairudi tu nyuma, inapinda kwenda juu. Kwenye Glock mtutu umelala karibu kabisa na mkono. Halafu tazama nyuma ya mpini. Ile mipini midogo ya asili inaacha chuma cha bodi wazi, na chuma hicho ndicho kinachoingia kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Mbele, kati ya mpini na kikingio cha triga, kuna nafasi. Silaha ikiruka, kikingio kinashuka na kupiga fundo la kidole cha kati. Wekundu wako umetoka hapo. Ningeweza kukuonyesha mahali pake bila kukuona mkono.

Mwisho kuna triga. Rivolva ukiivuta bila kukokoa nyundo, inadai nguvu ya kilo tano na kitu. Glock ni kilo mbili na nusu hivi. Ukivuta kilo tano kwenye kitu cha nusu kilo unakikamua kwa mkono mzima, kinatikisika, na risasi inakukuta hujakishika sawasawa. Teke la pili unaliogopa kabla halijaja.

Jembe la Bahi, siku ya tukio hutasikia maumivu, sawa. Lakini silaha inayoumiza hutaipeleka mazoezini, na usipoipeleka mazoezini siku hiyo utapiga bati la jirani.

Babu wa Makole

Naongeza la wazee. Nina baridi yabisi vidoleni. Slaidi ya bastola ndogo siwezi kuivuta, springi zake ngumu kuliko za kubwa. Rivolva nafungua silinda kwa gumba, naweka risasi, nafunga. Kwa hiyo pamoja na teke lake nimebaki nayo, ya chuma, na napiga risasi za kichwa bapa za gramu 9.6, zile za kulengea shabaha. Ni za taratibu, naweza kupiga boksi nikaenda kunywa chai na kikombe hakitetemeki.

Fundi Ghala (Veyula)

Mzee kanena. Risasi hizo kwenye rivolva ya chuma zinashusha teke karibu theluthi moja ukilinganisha na zile za gramu 10.2. Wanaosema hazina makali waambie tundu la karatasi halina malalamiko.

Mama Alizeti (Kibaigwa)

Fundi asante sana, nimesoma mara mbili na rivolva ya mwalimu ikiwa kichwani. Maswali mawili. Muuzaji ananishawishi nichukue rivolva ndogo ya .357, risasi kali kuliko .38, ananiambia ni nyepesi kuliko zote na inapiga hata .38, kwa hiyo nimepata mbili kwa moja. Pili, nitajuaje kama naogopa teke? Mwalimu alisema risasi zangu zinaangukia chini, sikuelewa.

Fundi Ghala (Veyula)

Kwamba .357 inapiga .38 ni kweli. Lakini hizo nyepesi kupita zote, mfano rivolva ya 340PD yenye bodi ya alumini iliyochanganywa na skandiamu, hazifiki gramu 350. Risasi kamili ya .357 humo ina nishati ya kurudi nyuma zaidi ya mara tatu ya ile iliyokufanya uweke silaha chini. Mtengenezaji mwenyewe amechonga onyo kwenye mtutu: usitumie kichwa chepesi kuliko greni 120 (gramu 7.8 hivi), kwa sababu risasi hizo huila silinda yake ya titani. Tena silaha inaruka nyuma kwa kasi hadi risasi zilizobaki kwenye silinda zinaanza kuchomoka, kichwa kinatoka kwenye ganda lake, na kikichomoza mbele silinda haizunguki tena. Jembe la Bahi alisema rivolva haikwami. Hiyo inakwama, na huitoi kwa kugonga na kuvuta kama bastola.

Kuhusu kuogopa, mwambie mwalimu akujazie silinda yeye, achanganye maganda ya mazoezi yasiyo na baruti, usijue yako tundu lipi. Ukifika kwenye ganda tupu, nyundo italia "ta" na hakuna kitu kitakachotokea. Kama mdomo wa bastola umeinama pale, umeuinamisha wewe, ukijaribu kulizuia teke ambalo halipo. Ndiyo maana risasi zako zinaangukia chini. Hao vijana wa Rungwa wenye vifua vipana walikuwa wanainamisha mpaka mtu unaona aibu kwa niaba yao, kwa hiyo mpelekee shemeji salamu.

Kushika: panda juu ya mpini kadiri unavyoweza, mkono wa pili uzungushe mbele. Ila kwenye rivolva gumba lisifike karibu na pengo kati ya silinda na mtutu, pale panatoka gesi ya moto inayochana ngozi. Kwenye bastola gumba lisikae nyuma ya slaidi, na kifundo cha mkono kiwe imara, kwani ukikilegeza slaidi haimalizi safari na ganda linabaki mlangoni.

Ushauri wangu: rudi uwanjani, acha ya alumini. Omba ya chuma yenye mpini wa mpira unaofunika nyuma yote na kujaza ile nafasi ya mbele, na uombe Glock 19 au ya ukubwa wake. Piga zote siku moja. Mimi ningechukua hiyo ya pili kama mkoba unaimeza. Na ukiamua, hakikisha silaha na aina ya risasi ni zilezile zitakazoandikwa kwenye leseni kabla hujalipa hata senti.

Mama Alizeti (Kibaigwa)

Nimempigia mwalimu. Ya chuma ipo lakini ina mpini wa mbao, wa mpira unaagizwa Dar. Glock ipo. Jumamosi naenda, na shemeji kaomba aje kuniangalia. Nimemwambia mwalimu amwandalie ile ya alumini.