Shahada ya Biolojia imerudishwa: "sifa hazioani na tangazo"

Neema, Gent
Mbukwenyi ndugu zangu. Nimeomba kazi ya Afisa Uvuvi Daraja la II, ofisi moja huko nyumbani imenirudishia: "sifa hazioani na tangazo." Wanataka Sayansi za Bahari, Uvuvi au Viumbe Maji. Cheti changu kinasema Biolojia tu. Bahari yote imo kwenye transkripti, pamoja na tasnifu ya nyasi bahari. Barua ya idara ya kufafanua mchepuo naiambatisha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) au naipandisha Ajira Portal, ule mtandao wa maombi ya kazi za serikali? Dirisha linafungwa Ijumaa.

Ndahani, Bergen
Dada Neema, kwanza utambuzi wa TCU. Shahada ya nje isiyo na utambuzi haifiki mbali. Weka cheti chenyewe na transkripti. Matokeo ya muda hayapokelewi. Kidato cha nne au cha sita cha nje kinakwenda Baraza la Mitihani, NECTA. Halafu tazama ukurasa wa mwisho wa transkripti, ule wenye maandishi madogo ya kueleza alama. Watu huuacha wakati wa kuskani kwa kuwa hauna masomo, na hapo ndipo penye taabu. Ubelgiji wanasahihisha kwa 20, na 14 ni alama ya heshima. Bila ukurasa ule, aliyezoea kusoma kwa mia ataona umefeli. Jina nalo lilingane na la kitambulisho cha taifa cha NIDA, herufi kwa herufi.

Mama Eliza, Aberdeen
Ndahani mwanangu, soma swali. Hajauliza utambuzi, kauliza mchepuo.
Ila Neema, usikae unangoja barua tu. Bisha hodi TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Kunduchi, Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, hata Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Nenda ukiwa unajua kupima mwamba wa matumbawe kwa njia ya Reef Check, ule mpango wa wazamiaji wa kukagua matumbawe. Utepe wa mita 100 unalazwa kwenye kina kimoja. Unasoma vipande vinne vya mita 20, ukiruka mita 5 kati ya kipande na kipande. Kila nusu mita ni nukta moja, jumla nukta 160. Nukta usiichague kwa jicho, maana jicho hukimbilia tumbawe zuri. Dondosha timazi, ile ile ya fundi mwashi: nati iliyofungwa kwenye uzi inatosha. Itakapogusa ndipo pa kuandika. Utepe ukiachwa juu juu mkondo unaupeperusha na vipimo vyote vinaharibika, kwa hiyo uzungushe kwenye mawe au matumbawe yaliyokufa. Lililopauka jeupe ni la kuandikwa limekufa.

Lukas, Minneapolis
Shikamoo Mama Eliza, lakini hapo mwisho hapana. Tumbawe lililopauka bado lina uhai. Limepoteza mwani mdogo sana unaoishi ndani yake na kulipa rangi, basi. Linaandikwa HC, yaani tumbawe gumu lililo hai, na kupauka kunaandikwa pembeni. Ukiliweka RKC, yaani tumbawe lililokufa karibuni, umeua mwamba mzima kwenye karatasi. Leseni ya kwanza ya kuzamia inaruhusu mita 18, na mstari wa chini wa Reef Check uko kati ya mita 6 na 12, kwa hiyo msimtishe binti kwamba anahitaji kozi kubwa.

Mama Eliza, Aberdeen
Marahaba. Nakubali la kupauka.

Ndahani, Bergen
Wizara yenyewe ya Mifugo na Uvuvi iko Mtumba, Dodoma, kilomita 450 hivi kwa barabara hadi pwani ya Dar es Salaam. Kijana wa Dodoma anaweza kufuatilia faili kwa daladala, lakini maji ya chumvi hajayaona. Hilo linaniuma.

Lukas, Minneapolis
Maji yapo, kaka. Mtera ipo, Hombolo ipo, Bahi mvua zikiwa njema. Kupima samaki kunafundishika pale pale: perege hana mkia wa panda, unachukua urefu wote, puani hadi ncha ya mkia, jodari unaishia kwenye panda, maana ncha za mkia wake hukatika. Ubao, rula, mizani, daftari. Anayejua hayo hapati taabu Kunduchi.

Neema, Gent
Asanteni sana. Ukurasa wa alama kweli sikuuskani, nauweka leo. Ile barua ya mchepuo sasa: TCU au Ajira Portal?

Mama Eliza, Aberdeen
Lukas umenitia hamu na hiyo Mtera. Kambale mkavu, mlenda, ugali wa uwele. Huku samaki wamejaa bandarini, wa kuwapika hivyo hayupo.

Ndahani, Bergen
Mama, mlenda mkavu unapatikana Oslo kwa Wasomali. Nitakutumia.