Naomba ushauri: matawi ya mwamba-ngoma yanaoza

Habari zenu wanakikundi. Niko karibu na Nanyuki, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kutuamisha maji mvua ikinyesha. Nataka kupanda mwamba-ngoma (huku wengi tunauita muhuti) kando ya boma, hasa kwa ajili ya ndege wale wadogo waitwao chozi. Mti huu hutoa maua mekundu ukiwa umepukutisha majani, wakati wa ukame ambapo maua mengine ni haba, na ndege hao hawabanduki. Nyuki pia wanaupenda.

Nilipanda matawi manene kama mkono, jinsi wazee wa hapa wanavyofanya. Yalichipua vizuri. Masika ilipoingia yakaanza kuoza upande wa chini, gome likawa linabanduka kwa vidole. Mbegu nazo, zile nyekundu zenye doa jeusi, nilizikwaruza kwa msasa nikaziloweka usiku kucha. Nyingi zimeota na miche iko kwenye viriba. Jirani yangu ananicheka, eti nitazeeka kabla ya kuona maua. Simwamini sana, lakini sina hoja ya kumjibu.

Maswali yangu ni haya: kwa udongo kama huu, tawi liachwe kivulini kwa muda gani kidonda kikauke kabla ya kulipanda, na je, kupanda juu ya tuta kunasaidia? Na aliyewahi kuukuza kutoka mbegu, ulichanua baada ya miaka mingapi?

Asanteni sana.