Naomba ushauri: watu wote wametoweka, vijana watatumia mafuta hadi lini?

Habari zenu wakuu. Naandika hadithi ya marafiki wanne, miaka 15 hadi 17, wanaoamka na kukuta mji mzima hauna mtu.

Maji nimeshayamaliza. Umeme ukikatika pampu zinasimama, mabomba yanatoa mpaka tangi la mlimani likauke, kisha ni mtoni: kuchuja kwa kitambaa, kuchemsha. Kuni zikikosekana, matone 2 ya klorini ya kufulia (ya 5–6%, isiyo na manukato) kwa lita, wasubiri dakika 30.

Mafuta ndiyo yananiumiza kichwa. Pampu za kituo hazivuti bila umeme, nikawapa mpira wa kunyonyea magarini. Ila magari mengi ya siku hizi yana kizuizi kwenye shingo ya tangi, mpira haupiti. Petroli nayo huchacha baada ya miezi kadhaa, na hadithi inavuka mwaka. Nimejaribu dizeli, hudumu zaidi, lakini ikiingia maji huota utando unaoziba chujio.

Mafundi, naomba mnisaidie:
1. Watoe wapi mafuta kwenye gari lenye kizuizi, bila kutoboa tangi na kuhatarisha cheche?
2. Gari la dizeli la gia za mkono, limelala mwaka, betri imekufa: kusukuma kutaliwasha kweli?

Mkisema haiwezekani, nawapa baiskeli.